Dirisha la jasi na vioo vya rangi linapoharibika: dalili, chanzo na la kufanya

Madirisha ya jasi, ile plasta nyeupe inayoganda upesi, na vioo vya rangi hayafi kwa uzee. Huuawa na maji, chuma na simenti, na mara nyingi simenti hiyo imeletwa na mtu aliyekuja kuyatengeneza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili: unachokiona dirishani, kisha kinachoweza kuwa kimekileta, kisha la kufanya. Ukiruka hatua ya katikati utaziba ufa mwaka huu, na mwakani utauziba tena ukiwa mpana zaidi.

Nayasema madirisha ya misikiti, makaburi na nyumba za kale ambayo watu wa Sana'a huyaita qamariyya, Cairo hutumia qamariyya na shamsiyya, na Istanbul wakasema revzen. Ni fani kongwe. Kasri la Qasr al-Hayr al-Gharbi huko Syria, la zama za Bani Umayya katika karne ya 8, lilikuwa tayari na madirisha ya jasi yaliyotobolewa kwa nakshi. Msikiti wa Ibn Tulun wa Cairo, uliojengwa kati ya mwaka 876 na 879, una madirisha 128 ya namna hiyo, ingawa ni machache tu yanayodhaniwa kuwa ya tangu ujenzi. Mengine yamebadilishwa karne kwa karne. Wamamluki, watawala wa Misri wa zama za kati, wakayajaza vioo vya rangi, kama inavyoonekana kwenye kaburi la Sultani Qalawun lililomalizika mwaka 1285, na Waosmani wakaipeleka fani hiyo hadi ukuta wa kibla wa Süleymaniye, msikiti wa Istanbul uliofunguliwa mwaka 1557.

Neno moja kwa mafundi wa kwetu, maana wapo wanaoitwa Oman na Ghuba kufanya kazi za namna hii. Nakshi za Lamu, Pate na Unguja, zile za zidaka na kuta za ndani, ni za chokaa. Chokaa hutaka unyevu na subira. Unaifunika, unainyunyizia maji, inazidi kuwa ngumu miezi na miezi. Jasi ni kinyume chake. Huganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na baada ya hapo kila tone la maji ni adui. Desturi nzuri ya chokaa ukiileta kwenye jasi inageuka sumu. Na vioo vya rangi vya Mji Mkongwe, vile vya juu ya milango na kwenye baraza, vimefungwa kwenye mbao, kwa hiyo matatizo yake ni mengine na dawa zake ni nyingine.

Dirisha lenyewe limeundwaje

Huwezi kusoma dalili bila kujua mwili. Fremu ya mbao hulazwa chini, jasi iliyochomwa ikakorogwa na maji na kumiminwa humo, kwa kawaida unene wa sentimita chache. Ikishaganda lakini bado ina unyevu, fundi huchora nakshi juu yake na kuitoboa kwa kisu na msumeno mwembamba. Kisha hugeuza bao hilo la jasi. Kwa nyuma hupanga vipande vya kioo chembamba sana, mara nyingi milimita 1 hadi 2, kila kimoja kikifunika tundu lake na kuzidi kidogo pembeni, halafu hupitisha jasi laini kuzunguka kingo ili vishike. Hakuna vipande vya madini ya risasi vya kuunganisha vioo kama kwenye madirisha ya makanisa ya Ulaya. Jasi ndiyo inayobeba kila kitu, na jasi hiyo nyembamba ya nyuma ndiyo pingu pekee ya kioo.

Jambo la pili: mara nyingi dirisha la rangi halikukusudiwa kupigwa na mvua. Istanbul na Sana'a huwa na madirisha mawili, la nje lenye vioo vyeupe linalopokea mvua na upepo, na la ndani lenye rangi na nakshi nyembamba. Ukikuta la ndani linaoza, kabla ya yote toka nje ukaangalie kama la nje lipo na kama ni zima.

Kabla ya kugusa chochote

Lipige picha lote, mbele na nyuma, likiwa kama ulivyolikuta. Litazame asubuhi jua likiwa nyuma yake: hapo utaona vioo vilivyokosekana na vile ambavyo rangi yake haifanani na majirani. Jioni chukua tochi, iweke pembeni kabisa ya ukuta ili mwanga upite sambamba na uso wa jasi; mapovu, magamba na sehemu zilizotoka nje zitatupa kivuli. Rudi tena siku ya mvua. Hii ya siku ya mvua watu huikwepa, nayo ndiyo inayofunua mengi zaidi, kwa sababu maji yanapopita huwezi kubishana nayo.

Usiegemeze ngazi kwenye fremu wala kwenye jasi. Jukwaa la kujitegemea tu.

Na okota vipande vyote vilivyoanguka chini, hata chembe. Chembe ya jasi ni maabara yako. Ikwaruze kwa ukucha: jasi hukwaruzika, simenti haikwaruziki. Idondoshee siki kidogo: chokaa hutoa povu, jasi safi haitoi, na jasi ya zamani inaweza kutoa povu dogo kwa sababu mara nyingi ilichanganyika na mawe ya chokaa tanuruni. Jaribio hili lifanye kwenye chembe iliyokwisha kuanguka. Dirishani siki haifiki kamwe.

Uso unachubuka, unatoa unga mweupe

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Angalia iko wapi.

Ikiwa uharibifu uko sehemu ya juu na unashuka kama michirizi, maji yanatoka juu: paa, gata lililoziba, ufa kwenye linta. Nyumba za mnara za Sana'a zina paa na kuta za juu zinazohitaji kupakwa upya mara kwa mara, na mji ulipopigwa na mvua kubwa na mafuriko mwezi wa Agosti 2020, nyumba kadhaa za kale ziliporomoka. Katika hali kama hiyo hakuna kazi ya dirisha kabla ya kazi ya paa.

Ikiwa uharibifu uko chini, kwenye mstari wa mwisho wa vioo na kizingiti, maji yanakusanyika. Huenda kizingiti hakina mteremko wa kwenda nje. Huenda pia ni maji ya umande: kioo chembamba hupoa usiku, pumzi za watu na mvuke wa ndani huganda juu yake, kisha hutiririka hadi kwenye jasi ya chini na kukaa hapo. Misikiti iliyofungwa viyoyozi hupata tatizo hili kwa upande wa pili, ndani baridi na nje joto lenye unyevu, hasa miji ya pwani ya Ghuba. Hapo umande huja upande wa nje wa kioo, palepale ilipo ile jasi nyembamba iliyoshika vioo. Ukiona vioo vya safu ya chini vimelegea na vya juu vimeshika imara, na kiyoyozi kinapuliza kuelekea dirishani, umeshampata mwenye hatia.

Ikiwa uharibifu umetapakaa kote, na ukipapasa unahisi chembechembe kama za sukari, hizo ni chumvi. Zinapanda na unyevu kutoka ukutani, au zimeletwa na upepo wa bahari, au zimetoka kwenye simenti iliyotumika karibu. Maji yanapokauka chumvi huganda kuwa fuwele chini kidogo ya uso, fuwele zinasukuma, gamba linabanduka.

Kwa nini jasi inateseka hivi? Kwa sababu inayeyuka. Lita moja ya maji huondoka na gramu 2 na zaidi za jasi. Chokaa iliyokomaa huyeyuka kidogo makumi ya mara kuliko hapo. Tundu la paa linalodondosha maji msimu hadi msimu linaondoka na nakshi yenyewe, polepole, kingo kali zikawa butu na butu zikawa mashimo.

La kufanya: zima chanzo cha maji, kisha subiri. Jasi iliyolowa ina nguvu ndogo mno, kama nusu ya ile ya jasi kavu, kwa hiyo usiikwangue wala usiifunge kitu chochote ikiwa bichi. Acha ikauke kwa hewa inayopita, bila hita na bila jua kali, kwa wiki au miezi. Chumvi zilizotoka nje zifagie kavukavu kwa brashi laini ya manyoya, ukizikusanya kwenye karatasi zisirudi ukutani. Usioshe. Kuosha kunaziyeyusha na kuzirudisha ndani, na kunayeyusha jasi pamoja nazo.

Unga ukiendelea kutoka hata baada ya kukauka, uso umepoteza kifungo chake. Hapo wahifadhi hutumia gundi ya akriliki kama Paraloid B-72, nyembamba sana, gramu chache tu kwa kila gramu 100 za asetoni, kwa brashi ndogo na kwa kurudiarudia. Usifanye hivyo ukuta ukiwa bado na unyevu, maana utazifungia chumvi ndani na gamba litakalobanduka safari hiyo litakuwa nene zaidi. Na vanishi ya dukani, ile inayong'aa, isikaribie kabisa. Itageuka njano na haitoki.

Nyufa

Ufa una sura, na sura yake ni nusu ya jibu.

Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha na kwenda mshazari unasema ukuta umesogea. Dirisha ni mwathirika tu. Tetemeko la Cairo la tarehe 12 Oktoba 1992 liliacha nyufa nyingi za namna hii kwenye majengo ya Kiislamu ya mji huo, na kwa miaka mingi maji ya chini ya ardhi na mabomba yanayovuja yamekuwa yakilegeza misingi yake. Bandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa wa ukutani, pembeni mwa dirisha, ukishike kwa plasta pande zote mbili na kuandika tarehe. Kikivunjika, ukuta bado unatembea, na hilo ni suala la mhandisi wa majengo.

Ufa ulionyooka kando ya fremu, pale mbao na jasi zinapokutana, mara nyingi si ugonjwa. Mbao hupumua na majira, jasi haipumui. Ufa mwembamba wa pale uache, au uujaze kitu laini kinachotoka kwa urahisi. Ukiujaza jasi ngumu, mbao ikivimba itatafuta pengine pa kupasulia, na hapo patakuwa kwenye nakshi.

Nyufa zinazosambaa kama wavu, nyembamba, uso mzima, ni za tangu utengenezaji: jasi ilikorogwa na maji mengi mno, au ilikaushwa kwa haraka. Hazina haraka nawe.

Sasa ule ufa wa kuogopa. Una sura ya nyota, au unakimbia mstari mmoja ulionyooka katikati ya nakshi bila kufuata mchoro, na pembeni yake kuna doa la rangi ya chai. Ndani kuna chuma. Msumari, waya, au nondo nyembamba iliyofichwa na fundi wa karne iliyopita ili kulipa dirisha nguvu. Ndani ya simenti chuma hulindwa kwa muda, kwa sababu simenti mbichi ina tabia ya magadi inayozuia kutu. Jasi haina ulinzi huo. Inapopata unyevu chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa maradufu au zaidi kuliko chuma kilichoizaa. Haina pa kwenda isipokuwa kupasua.

Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi, sentimita hadi sentimita, bila kugusa uso. Itakuvutia pale chuma kilipo, na utaweza kuchora ramani yake yote kwenye picha uliyopiga. Kisha amua kwa busara. Chuma kilichopasua tayari kinatolewa, kwa kufungua jasi kwa upande wa nyuma kadiri inavyowezekana, na nafasi yake inachukuliwa na kijiti cha chuma kisichoshika kutu au cha shaba. Chuma ambacho bado hakijapasua, kilicho mahali pakavu, ninashauri kiachwe. Kukitoa kunavunja zaidi ya kinachoweza kuvunja chenyewe, mradi paa halivuji.

Vioo vinadondoka

Kwanza uliza: vinadondoka kutoka wapi? Vikiwa vya safu ya chini, rudi kwenye maji. Vikiwa karibu na ubao wa dirisha unaofungwa kwa nguvu kila jioni, ni mtikisiko. Mtikisiko mkubwa zaidi umeikumba Sana'a: mji huo wa kale, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1986, uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2015 vita vilipoufikia. Bomu linaloangukia mtaa mmoja hulegeza qamariyya za mitaa kadhaa. Dirisha linaweza kuonekana zima kwa mbali huku nusu ya vioo vyake vimekaa tu mahali pake bila kushikwa na chochote. Pitia kila kioo kwa nyuma, kiguse kwa ncha ya kijiti cha mbao kilichofungwa pamba. Kinachocheza kifungie kwa vipande vidogo vya karatasi laini na gundi ya wanga kabla hata ya kufikiria ukarabati.

Sababu nyingine ni uzito. Fundi wa baadaye alipokosa kioo chembamba akaweka cha dukani cha milimita 4, ambacho kwa eneo lilelile ni kizito mara mbili hadi nne. Ile jasi nyembamba ya nyuma haikukusudiwa kubeba mzigo huo. Wengine wakaona kioo kinaanguka, wakapaka silikoni. Silikoni hushika kioo kwa nguvu na jasi kwa juujuu tu, na siku inapoachia huondoka na ngozi ya jasi. Aina ile inayonuka siki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ile harufu ni asidi inayotoka.

Kurudisha kioo cha asili mahali pake ni kazi ya dakika chache ikiwa umejiandaa. Safisha kingo za tundu kwa brashi kavu. Lowesha jasi ya zamani kidogo sana kwa ncha ya brashi, la sivyo itafyonza maji ya jasi mpya kabla haijaganda na kiungo kitabaki unga. Koroga jasi safi kwa kuinyunyiza polepole juu ya maji hadi ianze kuonekana kama visiwa juu ya uso, iache inywe kwa dakika moja, kisha koroga taratibu bila kuingiza hewa. Gramu 60 hadi 70 za maji kwa gramu 100 za jasi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kiraka, ongeza maji kidogo ili kiwe laini kuliko cha zamani. Kiraka kikiwa laini, siku dirisha litakaposukumwa kitavunjika kiraka. Kikiwa kigumu itavunjika nakshi ya karne ya 17. Jasi ikianza kuganda kikombeni, itupe. Ukiiongezea maji na kuikoroga upya unavunja fuwele zinazoshikana, na haitakuwa na nguvu tena.

Kioo kilichovunjika vipande viwili bado ni kioo cha asili. Kiunganishe kwa gundi ya kuhifadhia, kirudishe. Usikibadilishe kwa sababu ufa unaonekana.

Rangi zimefifia

Rangi ya kioo halisi haifi hivyo. Buluu nzito ni kobalti, kijani na feruzi ni shaba, zambarau ni manganizi, na hizi zimeyeyushwa ndani ya kioo chenyewe. Ukiona zimefifia, tafuta moja kati ya haya.

La kwanza na la kawaida ni uchafu: moshi wa taa na ubani ndani, vumbi nje, kinyesi cha njiwa kati ya madirisha mawili. Dirisha la nje likiwa chafu, la ndani huonekana limekufa hata kama ni safi kabisa. Anza na la nje. Kwa vioo vya ndani tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa kwa mchanganyiko wa spiriti na maji yasiyo na chumvi, kikiwa kimekamuliwa, ukianzia katikati ya kioo na kuishia milimita kadhaa kabla ya kufika kwenye jasi. Usipulizie chochote. Dawa za kusafishia vioo zina amonia na sabuni, na jasi itazinywa.

La pili: kioo kilikuwa cheupe, kikapakwa rangi. Ukarabati mwingi wa bei nafuu ulifanywa hivyo, na rangi hizo hupauka kwa jua au kubanduka kama ganda la kitunguu. Plastiki nayo imetumika. Iguse kwa ukucha pembeni, ina joto na ulaini ambao kioo hakina. Hivi vinaweza kubadilishwa bila huzuni, baada ya kupigwa picha.

La tatu ni ugonjwa wa kioo chenyewe. Vioo vingine vya kale vilichanganywa vibaya, magadi mengi na chokaa kidogo, na unyevu huvinyonya magadi hayo hadi uso unakuwa na ukungu, kisha nyufa nyembamba mno zisizohesabika. Ukungu huo haufutiki. Ukiusugua unaondoa kioo. Kinachowezekana ni kupunguza unyevu na kuuzuia usipande na kushuka, basi.

Jasi ya zamani inaoza pembeni ya kiraka kipya kinachong'aa kwa uzima

Hicho kiraka ni simenti, na hapa sina maneno ya kupunguza ukali. Simenti na jasi zenye unyevu zikikutana, salfeti ya jasi huingia kwenye simenti na kuunda fuwele ndefu zinazovimba. Mpaka wa kukutana unageuka uji, kisha unapasuka. Tena simenti haipitishi mvuke vizuri, kwa hiyo unyevu wote wa ukuta hulazimika kutokea kwenye kile kilichobaki chenye vinyweleo, nacho ni jasi ya zamani. Kwa hiyo unachokiona ni kiraka kizima na asili inayokufa, na mtu asiyejua anahitimisha kwamba asili ndiyo dhaifu, anaongeza simenti.

Kiondoe kwa patasi ndogo kali na nyundo nyepesi, ukianzia katikati ya kiraka na kuelekea pembeni, kamwe usiwe unapiga kuelekea kwenye nakshi. Mashine ya kukatia isitumike. Sehemu ya mwisho iliyoshikamana na asili ikikataa, iache nyembamba ilivyo kuliko kuivunja pamoja na jirani yake.

Baada ya moto

Jasi ikipata joto kali hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake na kurudi kuwa unga uliochomwa. Kwa macho inaweza kuonekana nyeupe na nzima, ila ukiigusa inabonyea. Msikiti wa al-Aqsa ulipochomwa tarehe 21 Agosti 1969, moto uliteketeza mimbari ya Salahuddin, na madirisha ya jasi na vioo vya rangi yakaharibika pia. Jambo moja la kukumbuka: usimwagie maji ukidhani jasi itaganda tena. Haitaganda ikiwa kwenye umbo lake, itaporomoka. Ishikilie kwa karatasi na gundi nyembamba, ilaze chini, mwite mhifadhi.

Dirisha jipya linafanana na la zamani, lakini chumba kina giza

Lalamiko hili hutokea pale ambapo dirisha halikuokolewa na nakala ikatengenezwa. Mchoro umenakiliwa sawasawa, rangi ni zilezile, na bado ukisimama chini huoni chochote ila jasi nyeusi yenye cheche kidogo. Chanzo karibu kila mara ni pembe ya matundu. Mafundi wa Cairo hawakutoboa moja kwa moja. Dirisha likiwa juu, kila tundu lilikatwa kwa kuinama kuelekea chini, ili jicho la mtu aliyesimama au kuketi zuliani likutane na kioo bila kuzuiwa na unene wa jasi. Anayenakili kutoka kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele hawezi kuliona hilo, anatoboa wima, na unene wa bao unaziba kila kitu.

Hapa inafaa kujua pia unachonakili. Kamati ya kuhifadhi majengo ya Kiarabu iliyoundwa Cairo mwaka 1881 ilibadilisha madirisha mengi yaliyokuwa yameharibika, na katika karne hiyohiyo madirisha kadhaa ya nyumba za Cairo yalinunuliwa na kupelekwa Ulaya; mengine leo yako Victoria and Albert Museum mjini London. Kwa hiyo dirisha lililoko msikitini linaweza kuwa la karne ya 19 au 20, na kazi ya mkono wa kale ikawa kwenye kabati la makumbusho. Pima pembe kwenye kipande halisi, hata kiwe kilichovunjika: weka kijiti chembamba kilichonyooka ndani ya tundu, kilale kwenye ukuta wake wa chini, na upime mwinuko wake dhidi ya uso wa bao. Pima matundu ya juu na ya chini pia, kwa sababu huenda hayalingani.

Sababu nyingine za giza ni kioo kinene chenye rangi iliyokolea kupita kiasi, na kioo cha kiwandani kilicho sawasawa mno. Kioo cha kupulizwa kwa mdomo kina mapovu, mawimbi na unene usiolingana, na mwanga ukipita humo hutawanyika. Cha kiwandani huupitisha moja kwa moja na kuacha doa kali mahali pamoja sakafuni. Kama bajeti hairuhusu kioo cha kupulizwa kwa dirisha zima, kitumie kwenye matundu makubwa ya katikati.

Kabla nakala haijafungwa, ipandishe kwa kamba hadi kimo chake halisi saa za asubuhi, mtu aketi pale waumini wanapokaa na aseme anaona vioo vingapi kati ya vyote. Jasi ikiwa bado na unyevu matundu yanaweza kupanuliwa kwa kisu kwa upande wa ndani wa chini. Ikishakauka kabisa itameguka. Vioo vipya viandike mwaka kwa ncha ya almasi kwenye ukingo unaofunikwa na jasi ya nyuma, na jasi mpya iachwe nyeupe kidogo kuliko ya zamani, ili fundi atakayefuata ajue kipi cha kuokoa kwanza.